Bisibisi Kabla ya Pesa

Ilipozaliwa Wilaya ya Rorya mwaka 2007, ufukwe wa Ziwa Victoria uliokuwa wa Tarime ulikwenda nayo. Mtu wa Tarime au Serengeti anayetaka kuweka fedha zake kwenye uvuvi huteremka kwenye mialo ya Rorya, upande wa Shirati, na hapo hukutana na swali gumu: anunue mtumbwi mpya, au afufue mkuukuu?

Jibu liko kwenye mstari wa maji. Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu hutaka unyevu na hewa kwa pamoja. Ubao uliozama muda wote una maji tele ila hewa haba. Ule wa juu una hewa ila jua huukausha. Pale katikati, panapolowa na kukauka kila siku, kuvu hupata vyote viwili. Hali ni hiyohiyo chini ya sakafu, maji ya mvua yanakotuama.

Kwa hiyo fundi mzoefu haangalii rangi. Huchukua bisibisi na kuuchoma ubao. Ukigoma, ni mzima. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, umeoza. Mbao za ubavuni hubadilishwa mojamoja, zikatiwa kalafati ya pamba, na chombo kikarudi kazini. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, ukioza ni habari nyingine: mataruma yote yameushikilia, hivyo utalipia kubomoa, kisha utalipia kujenga.

Chuma nacho kina hesabu yake. Meli ya MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa Ziwa Tanganyika mwaka 1916 na Wajerumani wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Grisi iliziokoa injini. Maji baridi, yenye chumvi kidogo kuliko bahari, yalipunguza kasi ya kutu. Katika Ziwa Victoria, MV Butiama, yenye jina la kijiji cha Mkoa wa Mara, ilirejea majini mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa. Hata hivyo Serikali ilijenga pia MV Mwanza, ya abiria 1,200: ukarabati hurudisha uhai wa chombo, hauongezi ukubwa wake.

Ndugu msomaji, ukionyeshwa mtumbwi uliopakwa rangi jana, omba uvutwe nchi kavu. Toa bisibisi, anza na mkuku, ndipo mzungumze bei.