Longonot Haiishii kwa Ukingo

Kuna wasee wa Kanairo hujibamba ati wamepanda Longonot, kumbe waliishia tu kwa ukingo. Walifika pale, wakapigana picha na kreta nyuma yao, wakarusha mtandaoni, wakarudi chini kumanga. Buda, hiyo ni kuingia jikoni, kunusa chapo, alafu unahepa.

Cheki hesabu: geti hadi ukingo ni kilomita 3.1. Kuzunguka kreta yenyewe ni 7.2. Sasa nishow mlima iko wapi.

Kufika hakuna ngori. Dandia mathree ya Naivasha, lakini ile inapitia Mai Mahiu, dere akuachie Longonot, alafu nduthi ikupeleke geti. Rauka mapema juu jua ya Bonde la Ufa haina mchezo, na huko juu maji hakuna. Kuingia unalipia eCitizen, so simu ikizima utabaki ukiangalia mlima kutoka nje. Na ile chupa ya maji ya dukani wacha kejani. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa mbuga zote Kenya. Beba chupa yako, na ujaze ya maana.

Hapo chini ndo wanyama hukuwa mob. Twiga wanatafuna migunga mos mos, pundamilia na swara wako tu area. Nyati pia wako, na hao hawabongangi na mtu. Ranja wa KWS akikuambia usitoke kwa njia, skiza, wacha ujuaji.

Alafu mlima inaanza kukuonyesha. Longonot ni volkano, na penye unakanyaga ni jivu ya zamani. Mvua imechimba njia ikakuwa mitaro, saa zingine kuta zinakufika kifua. Msee wa mbele akiinua mguu, vumbi yake inaishia kwa meno zako. Na bado utaona dame ama boy amekuja na njumu nyeupe pe! Hizo zitarudi mtaa zikiwa kijivu, na sitamhurumia.

Ukifika ukingo, vuta pumzi, alafu angalia ndani. Huko chini ni msitu mzima, kijani imejaa kreta, na kwa kuta unaeza ona mvuke ikitoka kwa mawe. Hiyo mlima imelala tu, haijadedi.

Hapo ndo wenye picha hugeuka. Wewe songa. Njia inakuwa nyembamba, unapanda, unashuka, mahali zingine unashikilia mawe na mikono kama mtoi. Kilele Ngamia iko mita 2,776. Upepo ya huko inaeza kukuvua kofia, lakini macho yanashiba: Ziwa Naivasha iko pale, Suswa iko upande ile ingine, na mvuke ya Olkaria inapanda mbinguni. Hiyo mvuke ndio inatengeneza stima, so pengine hata simu yenye unapiga nayo picha ilichajiwa na hii bonde.

Kuteremka ndo hukuwa noma, juu vumbi inateleza na magoti zimeanza kulia. Pitia Mai Mahiu udishi vizuri. Na Jumatatu ukiulizwa job mbona unashuka ngazi kinyumenyume, washow ulizunguka yote.