Nyumba, Shule na Siku Mtakayouza

Mkifunga ndoa tu, swali la pili baada ya "mtoto lini?" ni "mmeshapata kiwanja?" Kwa presha hiyohiyo wengi wetu tunamkimbilia dalali, anatupeleka Jumapili mchana barabara ikiwa nyeupe, anatuambia "mjini dakika arobaini tu", na biashara inaishia hapo. Bei poa, upepo mwanana, majirani wastaarabu. Hakuna anayeuliza mtoto atasoma wapi, maana mtoto mwenyewe bado yuko tumboni, kama si kwenye ndoto.

Wenzetu Marekani huanza na swali hilo. Kule, mara nyingi, shule ya serikali unapangiwa kutokana na anwani ya nyumba yako, na sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka kwenye kodi za majengo ya eneo hilohilo. Ukivuka barabara moja unaweza kuwa umehama shule. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti wa huko Massachusetts, akilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka wa shule. Akakuta kwamba matokeo ya mitihani yakiwa juu kwa asilimia 5, wazazi wako tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Ndiyo maana hata asiye na mtoto hununua karibu na shule nzuri: anajua atakayemuuzia atakuwa naye.

Dar es Salaam mchezo ni mwingine. Shule ya msingi ya serikali kwa kawaida mtoto huandikishwa jirani na nyumbani, na ada hakuna. Lakini vijana wengi wenye ajira wanataka shule ya kulipia ya mchepuo wa Kiingereza, na huko hakuna anayekuuliza unaishi wapi. Unaweza kujenga Chanika mtoto akasoma Upanga. Inaonekana ni uhuru. Kumbe bili yake analipa mtoto.

Basi la shule likianzia kwenu, mwanao ndiye wa kwanza kupanda asubuhi na wa mwisho kushuka jioni. Mtoto wa miaka mitano anaamshwa saa kumi alfajiri, anavalishwa soksi huku amesinzia, anarudi giza linaingia, anakula, analala. Baba na mama nao wako kwenye foleni. Wapo waliokuwa wakikwepa adha hiyo kwa kumpeleka bweni, ila Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Kwa hiyo umbali mliounua mtaishi nao.

Msipime kwa kilomita, pimeni kwa saa. Nendeni kwenye hicho kiwanja Jumatatu, mtoke nacho saa kumi na mbili asubuhi kuelekea shule mnayoifikiria, shule zikiwa zimefunguliwa. Likizo ya Juni ni danganya toto. Mrudi tena masika, mkiwa na gari dogo kama mlilonalo, si pikapu ya dalali.

Na kuuza je? Hapa wanandoa huvutana. Mmoja anasema "nyumba hii ni ya urithi, hatuuzi", mwingine ananyamaza. Mimi nasema semeni mapema, kwa sababu watu huuza: kuna uhamisho wa kazi, ugonjwa, mtoto wa tatu, ada. Na atakayekuja kununua huenda akawa wanandoa kama nyie, wenye mtoto mmoja na mkopo wa benki. Benki itauliza hati kabla ya kuuliza vigae. Hati miliki hutolewa kwa miaka hadi 99. Leseni ya makazi ina muda mfupi, na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa si hati. Maeneo yaliyopimwa kwenye mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002, kama Kibada, Mbweni na Buyuni, yana faida hiyo: ramani ipo, barabara zimechorwa.

Ramani hiyohiyo itawaonyesha hifadhi ya barabara. Waliobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, wengine walikuwa na nyumba nzuri kuliko zetu. Na msinunue ahadi. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016 lilibadilisha kweli maisha ya ng'ambo. Lakini mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, uliotangazwa 2008, uliwaacha watu miaka kadhaa hawajui wajenge au wauze.

Shule ikiwa karibu, dalali ataitaja kwanza kwenye tangazo, na ana haki. Ila shule moja ya binafsi inaweza kupandisha ada au kufungwa. Afadhali mtaa wenye shule mbili tatu, mojawapo ya serikali iliyo na walimu wa kutosha. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule yapo kwenye tovuti yake; someni ya miaka mitatu, si mmoja. Ukuta kwa ukuta na shule nako si raha, mchakamchaka wa alfajiri unausikia ukiwa kitandani.

Jina la nani liandikwe? Yote mawili, tafadhali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini majina mawili kwenye hati yanamwonyesha mnunuzi wazi kwamba mko wawili.

Sasa, kama bajeti yenu inafika kiwanja kilichopimwa cha mbali tu, kinunueni. Jengeni polepole, na mpange chumba na sebule karibu na shule mpaka mdogo wenu amalize darasa la nne. Ndugu watasema mna nyumba na bado mnapanga. Waacheni waseme, nyumba ikishaezekwa, mpangishieni mwingine, na kodi yake isaidie kulipa hiyo ya mjini.