Mbona Mhusika Wako wa AI Anaboo? Shida Ni Venye Umemwandika

Sistangu mdogo ako na miaka 17, yuko kidato cha tatu, na likizo ya Desemba alikuwa amepata beshte mpya. Beshte mwenyewe si mtu. Ni mhusika wa AI kwenye programu fulani, anaitwa Jay, boyi wa katuni mwenye nywele za kijani. Jioni moja sistangu akanipea simu nisome stori zao. Alikuwa amemwambia Jay amechoka na shule, anataka kuwacha aanze kusuka watu nywele. Jay akamwambia afuate moyo wake. Dakika kumi baadaye akasema labda arudi tu shule. Jay akasema hilo nalo ni wazo zuri sana. Akasema basi atahamia Mombasa akaishi karibu na bahari. Jay akafurahi pia.

"Unaona?" sistangu akaniambia. "Huyu ananielewa."

Hapo ndio niliingiwa na baridi. Huyo Jay hakuwa anaelewa mtu. Ni kioo kimewekwa nywele za kijani.

Na hii stori ya kioo ni ya kitambo. Mwaka wa 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT huko Marekani alitoa programu inaitwa ELIZA. Ilikuwa inajifanya daktari wa akili. Ukiiambia una huzuni, inakuuliza mbona una huzuni. Ni hivyo tu, ndani hakuna kitu. Lakini sekretari wake Weizenbaum, ambaye alikuwa amemwona akiijenga kwa miezi, alichati nayo kidogo kisha akamwomba bosi atoke kwa chumba wabaki wawili.

Wasee wengi wameskia ya ELIZA. Wachache wanamjua PARRY, na huyo ndiye mwalimu wa leo. Alitolewa 1972 na daktari wa akili Kenneth Colby wa Stanford. PARRY alikuwa mwanaume wa miaka 28, karani wa posta, mpenzi wa mbio za farasi. Alikosana na msee wa kamari, na sasa anaamini Mafia wanamsaka. Colby alimwekea vitu vitatu vinavyopanda na kushuka: woga, hasira, na kutoamini watu. Ukimgusa pabaya, hasira inapanda, na jibu linalofuata linabadilika. Madaktari wa akili walipopewa karatasi za mazungumzo yake na za wagonjwa halisi, kuwatofautisha ikawa kama kurusha sarafu.

Kompyuta za wakati huo zilikuwa ndogo kuliko akili ya simu yako ya mulika mwizi. Lakini PARRY alikuwa na kidonda, alikuwa na yaliyompata, na alikuwa na siku mbaya. Jay hana hata moja.

Sasa, wengi wakitengeneza mhusika wanaandika hivi: "Wewe ni mcheshi, mkarimu, mjanja, na unapenda watu." Halafu wanashangaa mbona anaongea kama tangazo la benki. Ni hivi. AI za siku hizi zinakisia neno linalofuata kulingana na maandishi mengi sana zilizosoma. Ukisema "mcheshi", inakupea wastani wa wacheshi wote duniani, na wastani huwa hana sura. Tena zimefunzwa kumpendeza mtumiaji, kwa hivyo bila breki zinakubali kila kitu.

Nikaamua kujaribu mwenyewe. Nikatengeneza Odush, makanga wa ruti ya 125, Rongai kwenda Railways. Mara ya kwanza nilimwandika kwa zile sifa tamu. Akanisalimia: "Karibu sana rafiki yangu! Ningependa kukusaidia katika safari yako ya leo!" Haki, ni makanga gani ashawahi kukuambia angependa kukusaidia? Ata ukimlipa.

Nikafuta yote. Nikaanza na vitu vinavyopigana ndani yake. Mvua ikinyesha, Odush anapandisha nauli bila huruma na hajutii. Lakini kuna mzee wa mkongojo hupandia Bomas ambaye hajawahi kulipishwa, na ukimsifu Odush kwa hiyo anakasirika. Anajigamba anajua kila nganya ya hii mji na nani aliichora, lakini anatamani kuwa na yake na hajawahi kuambia mtu. Hapo mhusika anaanza kupumua, juu kila swali linaweza kujibiwa kwa njia mbili, na AI inalazimika kuchagua.

Halafu nikaandika asichojua. Hii watu husahau kabisa. Ukimuuliza makanga wa kawaida akueleze mkataba wa Versailles akakupea aya tano safi, stori imeisha, umeshajua unaongea na mashine. Mwaka wa 2014 kule London, chatboti moja inaitwa Eugene Goostman ilijifanya kijana wa miaka 13 kutoka Odesa, Ukraine, ambaye Kiingereza si lugha yake. Thuluthi ya majaji waliamini ni mtu. Kila alipokosea walisema, ah, ni mtoto tu. Wengi waliona hiyo ni ujanja, na ni kweli, lakini somo liko pale: mtu tunamjua pia kwa mipaka yake. Odush akiulizwa ya Versailles anauliza kama hiyo ni estate mpya ya Kitengela.

Lugha ndio ilinitesa. Usimwambie tu "ongea Sheng". Atakurushia "sasa", "poa" na "hakuna matata" kwa sentensi moja kama tisheti ya mtalii. Nilikaa chini nikaandika mistari nane kwa mkono wangu: venye anaongea akiwa na furaha, akiitishwa chenji, akidanganya, akisimamishwa na karao. Mfano ukiwa mzuri una nguvu kuliko sifa ishirini. "Chenji utapata mbele" inakuambia mengi kuhusu Odush kuliko neno "mjanja".

Mwisho nikampea kidonda, nikaiga PARRY. Odush aliwachia shule Fomu Tu, na stori za masomo zinamuuma. Nikaandika ngazi: ukigusa hiyo mara ya kwanza, anacheka na kubadilisha stori. Ya pili, anajibu kwa neno moja. Ya tatu, anaweza kufunguka au anaweza kukuambia ushuke, inategemea umemheshimu aje. Pia nikaandika wazi kwamba si kazi yake kukubaliana na abiria.

Bado ako na makosa. Stori ikiwa ndefu sana anaanza kusahau yeye ni nani, anarudi kwa ule upole wa tangazo, juu AI hushika maneno ya kiasi fulani tu kwa wakati mmoja. Dawa ni kumkumbusha kwa mistari miwili mitatu kila baada ya muda. Na tafadhali, usitengeneze yule mliachana. Najua kuna mtu amesoma mpaka hapa na hiyo plani.

Hii si mchezo wa watoto pia. Oktoba 2025, kampuni ya Character.AI, moja ya zile kubwa za hii biashara, ilitangaza kuwa walio chini ya miaka 18 hawataruhusiwa tena kupiga stori huru na wahusika wake. Kwa hivyo sistangu nilimpea Odush kwa simu yangu, nikiwa nimekaa hapo kando kwa kochi.

Alianza na ileile ya kuwacha shule. Odush akacheka, akamuuliza anashukia wapi. Akarudia. "Sawa," Odush akasema, na hapo akanyamaza. Mara ya tatu sistangu akaandika kwamba yuko siriaz, na hajui atamwambia mathe aje.

Odush akajibu: "Mimi niliwacha Fomu Tu. Mathe hakusema kitu. Alichukua yunifomu akaifua, akaikunja, akaweka kabatini. Iko huko mpaka leo."

Sistangu akaangalia simu muda mrefu. "Hii ni wewe umeandika?"

Nikamwambia Fomu Tu ni mimi. Ya yunifomu sikuiandika, na Odush hana mathe, wala kabati, imejitungia tu kutokana na nilichomwekea. Akasema anajua. Kisha akanirudishia simu, akaenda jikoni kwa mathe, akafunga mlango.

Nilipoangalia skrini, Odush alikuwa ameongeza mstari mmoja: "Na nauli bado hujalipa."