Vichochoro vya Mwanjelwa na Staha ya Ukwe

Msafiri ashukaye Kabwe, jijini Mbeya, aghalabu haoni katika Mwanjelwa ila maduka, bajaji, na soko lililojengwa upya baada ya lile la zamani kuteketea kwa moto mwaka 2006. Walakini nyuma ya maduka hayo, mahali ambapo kuta za majirani zimekaribiana hata watu wawili hawapishani pasipo mmoja kugeuka ubavu, viko vichochoro vilivyosahauliwa, ambavyo kwa maoni yangu vimehifadhi tarehe ya watu wa nyanda hizi kuliko barabara yoyote iliyotiwa lami.

Nchi hii asili yake ni ya Wasafwa. Mji wenyewe uliasisiwa mwaka 1927, zama za dhahabu ya Lupa, wakaja Wanyakyusa kutoka Rungwe, Wandali, Wakinga na wengineo, kila kabila na ada zake; nami katika hizo nataka kunena moja tu, nayo ni staha ya Wanyakyusa baina ya mkaza mwana na baba mkwe.

Ada yao ya kale ilikuwa mke asimtazame mkwewe, asilitaje jina lake, wala wasikutane njiani. Waliitimiza kwa kugawana ardhi: vijana wa kiume walitoka katika kijiji cha baba zao wangali wadogo, wakajenga kijiji cha rika lao, wakaoa na kukaa humo, hivyo wake zao wakawa mbali na wakwe. Bibi Monica Wilson, aliyeishi miongoni mwao katika miaka ya 1930, aliyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951.

Je, mjini, ambako baba na mwana huenda wakapanga ua mmoja? Nilimwona mama mmoja akipita na ndoo ya mchele wa Kyela kichwani, mara kikohozi kikasikika upande wa pili wa kichochoro. Akatua ndoo, akavuta kitenge mpaka kwenye paji la uso, akachuchumaa kuelekea ukutani. Muuza vitumbua akasogeza jiko lake. Na mzee mmoja akapita taratibu, macho chini, kiganja kikipapasa ukuta wa pili. “Huyo ni mkwewe, baba,” akaniambia muuza vitumbua.

Wako wasemao kwamba ada hii ni uonevu, na hoja yao ina uzito, kwani taabu ya kujificha humwangukia mke zaidi. Lakini mzee naye alikuwa na wajibu wake, ndicho kile kikohozi, na jirani alikuwa na wake. Basi wapimaji watakapokuja kuvipanua vichochoro hivi, nawasihi wakae kwanza na wazee wa mtaa, akina mama wakiwapo, wawaulize nani hupita wapi na kwa sababu gani.