Ukitaka kwale arudi, mchanje kuku

Juma hili nazungumzia kwale. Mtu wa mjini akisikia jina hilo hufikiria mchuzi, wala hakosei sana, maana hata wataalamu walimfahamu kwale ninayemsema kwa njia ya chungu.

Ilikuwa mwaka 1991. Watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa mkoani Iringa. Jioni moja waliona ndani ya chungu miguu ya ndege isiyofanana na ya kuku. Walipomtafuta mwenye miguu hiyo, wakampata kwale mwenye mdomo mwekundu na miguu ya njano, ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha sayansi. Alitangazwa rasmi mwaka 1994, na ikaonekana kwamba jamaa zake wa karibu wako katika misitu ya Asia, siyo hawa kwale tunaokutana nao mashambani.

Chungu kile kinatufundisha mambo mawili. La kwanza, wenyeji hujua mapema. Hata kima aitwaye kipunji, wanasayansi walipata habari zake mwaka 2003 kutoka kwa wanakijiji waishio chini ya Mlima Rungwe, mkoani Mbeya. Mwaka uliofuata aligunduliwa pia huko huko Ndundulu. La pili, kwale wa msituni ni kitoweo, na mwenye kumtega mara nyingi ni mtu asiye na nyama nyingine nyumbani.

Utegaji wenyewe ni rahisi. Mtu hujenga uzio mfupi wa matawi, akaacha vipenyo, na katika kila kipenyo akaweka tanzi la kamba au la waya wa breki za baiskeli. Kwale hupenda kutembea kuliko kuruka. Hupita makundi kwa makundi akichakura majani makavu, hufuata uzio mpaka kwenye kipenyo, na hapo ndipo mwisho wake. Tanzi halichagui jike wala kinda. Nalo likisahauliwa, huendelea kuua hata kama mtegaji amekwishahama kijiji.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuyatoa matanzi hayo. Hakuna haja ya kufuga ndege na kuwapeleka msituni. Kanga hutaga mayai 6 hadi 12 kwa mara moja. Ndege wa aina hiyo akiachwa apumue, hurudi mwenyewe. Kwale wa Udzungwa ana eneo dogo, hasa misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu, na ndiyo maana kila tanzi linaloondolewa kule ni faida kubwa.

Nani wa kuyaondoa? Askari wa misitu ni wachache na milima ni mikubwa. Kazi hiyo huwaangukia pia wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, wanaoacha mashamba yao kwenda doria, mara nyingi bila mshahara. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Kijiji chenye msitu wake kwenye ardhi yake hubaki na mapato yake. Lakini makao ya kwale huyu ni misitu ya Serikali, ambayo sehemu yake kubwa ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero mwaka 2007. Huko mbao hazivunwi, na kwa miaka mingi baada ya sheria ile mgawo wa wanavijiji haukuwekwa wazi. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda hiki kimefanya kazi muda mrefu bila pete.

Mimi nasema pete hiyo ianzie kwenye banda la kuku. Ugonjwa wa mdondo ukiingia kijijini, huweza kumaliza kuku wote kwa siku chache, na nyumba iliyokuwa na mayai na nyama hubaki ikitazama msitu. Chanjo yake ni tone moja la dawa katika jicho la kuku, mara tatu au nne kwa mwaka. Kijiji kinachotoa watu wa doria kingestahili kupelekewa dawa hiyo bure, na mtu wa kuichanja akalipwa. Nyama ikipatikana uani, kupanda mlima kwenda kutega kunakuwa kazi ya hasara.

Msomaji wa mjini atauliza inamhusu nini. Maji ya Udzungwa huingia Mto Kilombero, nao Kilombero huingia Rufiji, linakosubiri Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Mto Kihansi unaoporomoka kutoka milima hiyo hiyo huzalisha megawati 180. Watu wanaotembea msituni kutafuta matanzi ndio hao hao wanaouona moto na shoka kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hapo Kihansi tulikwishapata somo. Chura mdogo wa maporomoko yale alitoweka baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo, na mwaka 2012 alirudishwa kwa ndege kutoka bustani za wanyama za Marekani. Chura huweza kutunzwa katika sanduku la kioo. Kwale anahitaji msitu mzima, na majirani walioshiba.