Ukiacha Kazi, Nani Atakudai?

Wiki mbili za kwanza baada ya kuacha kazi huwa tamu. Hakuna foleni ya asubuhi Ubungo, hakuna kitabu cha mahudhurio, hakuna kikao cha Jumatatu. Shida huanza wiki ya tatu au ya nne. Ujuzi upo, mteja yupo, kompyuta imewashwa tangu saa tatu, lakini jua linazama na hakuna cha maana kilichofanyika. Wengi wanaonijia kwa ushauri katika hatua hiyo wameshajihukumu: “Kumbe mimi mvivu, nilikuwa nafanya kazi kwa kuogopa bosi tu.”

Kwa kawaida si wavivu. Mtu aliyefunga hesabu za kila mwezi kwa wakati kwa miaka minane hageuki mvivu kwa barua moja ya kuacha kazi. Kilichoondoka ni vitu ambavyo ajira ilikuwa ikimpa bila yeye kuviona, kwa kuwa havikuandikwa kwenye hati ya mshahara.

Jambo hili lilichunguzwa zamani huko Austria. Kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna, kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, karibu kijiji kizima kikabaki bila kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld, Hans Zeisel na wenzao wakakichunguza, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Ungedhani watu wasio na shughuli wangesoma zaidi. Wapi! Vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua karibu nusu kati ya 1929 na 1931. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani. Walipoombwa waeleze siku yao, walikumbuka kuamka, kula na kulala, na katikati hawakuwa na la kusimulia. Wanawake hawakupotelewa na siku namna hiyo, maana watoto walitaka kula na nguo zilitaka kufuliwa.

Ni kweli, watu wa Marienthal waliachishwa kazi na njaa iliwabana, ilhali wewe umeondoka kwa hiari yako. Lakini upande wa saa mnafanana. Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba, mbali na ujira, ajira humpa mtu mambo matano: mpangilio wa muda, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo analoshirikiana na wengine, hadhi, na shughuli isiyokwepeka. Anayeacha kazi huyaacha yote matano kwa saini moja. Akikaa chini kupanga maisha mapya, hupanga namna ya kurudisha pesa tu.

Wachache hukumbuka muda, nao hukimbilia ratiba. Wananunua daftari jipya, wanachora masanduku ya rangi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, sala, mazoezi, kazi, kusoma. Nimeziona nyingi za namna hiyo, na chache zilifika Jumatano. Mwaka 2002 Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha jaribio ambalo watu walipewa maandishi matatu wasahihishe makosa. Kundi moja lilipangiwa tarehe tatu zilizoachana sawasawa, la pili lilijipangia tarehe lenyewe, la tatu lilipewa tarehe moja ya mwisho. Waliopangiwa walikamata makosa mengi zaidi, waliojipangia wakafuata, na waliosubiri tarehe moja wakashika mkia. Kujipangia kunasaidia, ila kupangiwa kunasaidia zaidi. Habari hii huwaudhi sana watu walioacha kazi kwa sababu walichoka kupangiwa.

Hata hivyo, hapa kwetu dawa yake tunayo. Mtu asiyeweza kuweka elfu kumi kwenye kibubu wiki mbili bila kukivunja, huyohuyo hakosi kupeleka mchango wa upatu, kwa sababu yupo mwenzake ambaye zamu yake imefika na anasubiri. Mtu ni yuleyule na kipato ni kilekile. Kwa hiyo usianze na ratiba, anza na mtu wa kukusubiri. Tafuteni watu watatu au wanne mliojiajiri, hata kama kazi zenu hazifanani. Jumatatu kila mmoja aseme atakachomaliza, Ijumaa akionyeshe. Nasema akionyeshe, kwa maana maelezo tu hugeuka soga. Asiyeleta alipe faini ndogo. Na kwa wateja, igawe kazi kubwa katika awamu, kila awamu na tarehe yake na malipo yake. Mteja aliyekwisha kulipa awamu ya kwanza hukuamsha kuliko kengele ya simu.

Kipo kikwazo kingine ambacho vitabu vingi vya ughaibuni hukipita: kwetu mtu aliyeko nyumbani mchana huhesabiwa kuwa hana kazi. “Si upo tu?” Shangazi anataka wa kumsindikiza hospitali, fundi bomba anahitaji wa kumfungulia geti, kikao cha harusi kinakosa katibu. Ulipoajiriwa ulimsingizia bosi, na kila mtu akaelewa. Sasa ukikataa unaonekana una roho mbaya. Usibishane na shangazi. Toka nyumbani kwa saa maalumu, hata kama ni kukodi meza au kuomba kona ya duka la rafiki, vaa viatu na uage: “Naenda kazini, nitarudi saa tisa.” Kauli hiyo huheshimiwa kuliko maelezo marefu kuhusu kazi za mtandaoni. Msibani utakwenda kama kawaida, kama ulivyokwenda ulipoajiriwa.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Malipo ya wateja yaingie akaunti moja, nawe ujilipe mshahara kutoka humo kwa tarehe ileile kila mwezi. Nchini Tanzania mchango wa mwajiriwa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Sasa mzigo wote ni wako, na mfuko huo hupokea wachangiaji wa hiari.

Usitarajie mambo kutulia ndani ya wiki moja. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London uliotoka mwaka 2009, uliofuatilia watu 96, ulikuta kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka. Wengine walikadiriwa siku 18, wengine hata 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Kama barua yako ya kuacha kazi bado iko mezani, iache hapo kidogo. Tafuta kwanza mtu mmoja atakayekudai kazi kila Ijumaa, ndipo uipeleke.