Ushahidi wa Stempu katika Hati za Mashamba ya Likoni, Kisauni na Changamwe

Mwanachuo anayetaka kuichunguza Kimvita kwa kutumia hati za zamani hukabiliwa kwanza na swali la tarehe. Hati nyingi za kuuziana au kuwekeana rehani mashamba ya Likoni, Kisauni na Changamwe ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hata pale ambapo lugha yenyewe ni Kiarabu, majina ya mahali hubaki ya Kiswahili. Humo ndimo ulimo utajiri wake kwa mwanaisimu. Lakini mwaka ni wa Hijra, wino umepauka, na tarakimu ya mbili iliyopotewa na kichwa chake husomeka kama moja. Je, ni 1313 au 1323? Hoja nzima juu ya umri wa neno au wa tahajia fulani yaweza kusimama au kuanguka kwa kijistari hicho.

Hapo ndipo stempu inapofaa. Mwaka 1313 ulianza tarehe 24 Juni 1895, siku chache kabla ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki kuikabidhi serikali utawala wake, tarehe 1 Julai. Stempu za Kampuni za mwaka 1890 zina jua lenye taji. Serikali iliendelea kuzitumia kwa kuzipiga chapa ya jina jipya, kisha mwaka 1896 zikaja zenye kichwa cha Malkia Victoria. Mwaka 1323 ulianza Machi 1905. Wakati huo stempu zilikuwa na sura ya Mfalme Edward wa Saba na majina ya Afrika Mashariki na Uganda kwa pamoja. Hizo zilitolewa kuanzia 1903, zikakubaliwa kwa barua na kwa ushuru wa hati vilevile. Basi sura ya Edward haiwezi kuwa ilibandikwa mwaka 1313.

Angalia, hata hivyo, tulichosema: ilibandikwa. Stempu hutoa tarehe ya kulipiwa ushuru, si lazima ya kuandikwa kwa maneno. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya pwani wapeleke madai yao, na karatasi iliyokuwa imelala sandukuni kwa miaka yaweza kuwa ilitiwa stempu ilipohitajiwa kuwa ushahidi. Mtafiti mwenye haraka ataisogeza mbele lugha ya babu hadi zama za mjukuu. Na palipo na mgogoro wa shamba, kosa hilo si la isimu peke yake.

Kwa hiyo tazama kwanza kama wino wa maandishi umepita juu ya stempu au umefunikwa nayo. Kisha soma saini au tarehe iliyoifuta stempu, ambayo mara nyingine ni ya kalenda ya Kizungu.

Waliozoea hati za dola ya Uthmaniya wajihadhari pia. Huko kulikuwa na mwaka wa Hijra na mwaka wa fedha uliofuata jua: 1327 wa Hijra ulianza 1909, ilhali 1327 wa fedha ulianza 1911. Kanuni hiyo isihamishiwe Mombasa. Katika orodha ya makumbusho au ya idara, hati ya Kisauni iandikiwe tarehe mbili, ya maandishi na ya stempu, kila moja katika safu yake.